Nusu Nyota kwa Msumari

Ghorofa ya chini ya jengo la maduka ilikuwa haina pa kukanyaga mchana ule. Rapa mmoja chipukizi alikuwa anazindua albamu yake. Spika kubwa kama makabati ziliwekwa mbele ya ngazi za umeme, vijana wakasongamana kuanzia mlango wa benki hadi kwenye duka la viatu, na kila pigo la besi likawa linatikisa vioo vya maduka.

Katikati ya umati alisimama mwanamume mmoja mwembamba, shati la kitani rangi ya udongo, mikono kaikunja hadi kwenye viwiko, uso umekunjamana kama mtu anayeonja dawa. Huyo alikuwa Hakimu. Jina hilo alibandikwa na wasomaji wa ukurasa wake wa kila Jumamosi gazetini, ambamo alizisikiliza albamu za hip hop na kuzitolea hukumu, kuanzia nyota moja hadi tano. Tano alikuwa hajawahi kumpa mtu. Marapa walimchukia, kisha wakaamka alfajiri kununua gazeti waone kawasema nini.

Kijana mmoja aliruka kwa furaha, kiwiko chake kikampiga Hakimu usoni, miwani ikaanguka. Kabla hajainama, mtu mwingine akaikanyaga. Hakimu akachuchumaa, akaanza kupapasa sakafu kama anayetafuta sindano.

"Usiguse, utajikata," sauti ya kike ilimwambia kutoka juu.

Alichokiona ni ukungu tu, na ndani ya ukungu viatu vyekundu vya kisigino kifupi.

"Nani wewe?"

"Mwenye duka la miwani hapo nyuma yako. Nilitoka kuwaambia wapunguze kelele, wateja wangu hawasikii nikiwauliza wanaona herufi gani. Naona badala yake nimeokota mteja."

"Hiyo si kelele," Hakimu alijibu kwa mazoea. Akasikiliza kidogo. "Ingawa leo hupo mbali na ukweli."

Mwanamke akacheka, akamshika mkono, akamvuta hadi dukani.

Jengo zima lilimwita Bi Lenzi. Alikuwa mpima macho, amesomea, na duka lile dogo alilianzisha mwenyewe. Siku hiyo alivaa gauni la kijani chini ya koti jeupe la kazi, nywele kazisuka mistari iliyokutana kisogoni. Hakimu aliyaona hayo yote baadaye, alipowekewa lenzi za majaribio, na alipoyaona akasahau maumivu ya pua.

"Soma mstari wa chini," Bi Lenzi alimwambia.

"Mstari wa chini ni dhaifu. Hauna vina."

"Soma, acha utani."

"Sioni chochote. Nakuona wewe tu."

Bi Lenzi alinyamaza kidogo, kama aliyeguswa mahali, kisha akabadilisha lenzi.

"Unafanya kazi gani, mwenye maneno?"

"Nasikiliza muziki, halafu nasema kama ni mzuri."

"Na hiyo ni kazi?"

"Mama yangu pia anauliza."

Mapenzi yao yalianza hivyo, na yalikolea kwenye simu. Asubuhi Hakimu alimpigia kumwuliza kavaa rangi gani leo. Mchana Bi Lenzi alimpigia kumwuliza kama kashakula au bado anawahukumu watoto wa watu kwa tumbo tupu.

"Laazizi, leo nimempa mtu nyota tatu," Hakimu angesema.

"Umeugua?"

"Nakuwaza wewe. Nimekuwa mpole."

"Basi niwaze kidogo tu, usije ukafukuzwa kazi."

Lakini Hakimu alikuwa na ugonjwa mmoja, nao ulikuwa wivu. Jioni alipompitia dukani alikuwa anakaa kwenye kiti cha wateja akihesabu wanaume walioingia kwenye chumba chenye giza, ambamo mpenzi wake aliwaangalia machoni kwa kitochi, nyuso zimekaribiana kabisa.

"Ilikuwa lazima ukae naye muda wote huo?" angeuliza.

"Yule mzee ana mtoto wa jicho, mpenzi."

"Mzee lakini kavaa suti."

"Basi kesho nitawaambia waje na kaniki." Kisha Bi Lenzi angecheka na kumfinya shavu, na mambo yangeisha. Aliuona wivu ule kama chumvi. Hakujua bado kwamba chumvi ikizidi hata samaki hulalamika.

Siku moja ya Jumapili Bi Lenzi alimpeleka Hakimu kwa dada yake mkubwa kwa chakula cha mchana. Dada huyo alikuwa mwalimu wa shule, mwanamke wa maneno machache ambayo yote yalikuwa mazito. Alimpakulia mgeni wali, akamtazama vizuri, akamgeukia mdogo wake.

"Kwa hiyo huyu naye ni wa muziki. Baada ya yule Msumari nilidhani umekoma."

Kijiko cha Hakimu kilisimama njiani. Msumari. Hapakuwa na kijana aliyependa hip hop asiyemjua Msumari. Mrefu, sauti nzito yenye mikwaruzo, mistari inayopigiliwa moja baada ya nyingine. Hakimu mwenyewe aliwahi kumpa nyota nne.

Alingoja hadi walipofika kwenye korido.

"Msumari yupi huyo?"

"Huyo huyo unayemfikiria."

"Mlipendana?"

"Tulipendana, tukaachana, yakaisha. Kabla sijakujua."

"Mliachana kwa nini?"

Bi Lenzi alifunga vifungo vya koti lake polepole. "Hilo silisimulii. Siyo kwamba nakuficha, nimechoka tu kulisikia likisimuliwa."

Jibu hilo Hakimu hakulielewa, na kwa kuwa hakulielewa, alilitafuna usiku na mchana. Kama yameisha, mbona hayasimuliki? Kidonda kilichopona mtu hukionyesha.

Haukupita muda, albamu mpya ya Msumari ikatua mezani kwake. Iliitwa *Macho Makavu*. Hakimu alivaa vipokea sauti, akafunga mlango wa ofisi, akasikiliza. Ilikuwa nzuri, na hilo ndilo lililomuuma. Mapigo yalikuwa na nafasi ya kupumua, mistari haikupoteza neno, na wimbo wa kwanza ulimsimamisha vinyweleo.

Ukaja wimbo wa sita. Piano peke yake, kisha sauti ile yenye mikwaruzo:

*Kaniambia soma mstari wa chini,*
*nikamwambia sioni, nakuona wewe.*

Hakimu aliuzima. Aliuwasha tena, akauzima palepale. Utani ule aliodhani aliubuni yeye, siku ile puani kunamuuma, kumbe mwenzake aliutoa zamani, kwenye kiti kilekile, kwa mwanamke yuleyule. Sasa alikielewa kile kimya cha Bi Lenzi. Hakuguswa na yeye. Alikumbushwa mwingine.

Nyimbo nyingine alizirudia mpaka akazijua kwa moyo. Wa sita hakuweza kuvuka ubeti wa kwanza. Kisha akakaa kuandika, na kalamu yake ilikuwa haijawahi kuteleza vile.

"Msumari ameota kutu," aliandika. Alisema sauti imechakaa na mapigo ni ya kuazima. Angeishia hapo, yangekuwa ya kawaida. Lakini wivu haujui kuishia. Akaongeza: "Katika wimbo wa sita anamlilia mpima macho mmoja. Mwanamke huyo, kama yupo, tungependa kumwuliza alipima nini hata akachelewa kuuona ubovu ulio wazi namna hii. Nusu nyota, nayo ni ya mchoraji wa jalada."

Jumamosi gazeti liliisha mapema. Watu walilipiga picha, wakalitumiana, wakacheka. Na katika jengo la maduka, ambamo mpima macho alikuwa mmoja tu, walianza kuchungulia. Msichana wa duka la viatu alimwuliza mwenzake kwa sauti. Wateja wawili walikuja kupima macho ambayo hayakuwa na tatizo lolote. Mmoja wao, kidevu kikiwa juu ya mashine, aliuliza, "Eti ni wewe yule wa Msumari?"

Hakimu alifika jioni, shati jipya la bluu, mkononi mfuko wa matunda. Alimkuta Bi Lenzi amekaa kwenye kiti cha wateja, koti kalivua, gazeti limekunjwa mapajani. Hakusimama.

"Kaa," alimwambia. "Nina swali moja la kazi. Hiyo albamu ni mbaya?"

"Soma, nimeandika."

"Nimesoma. Nakuuliza wewe, siyo gazeti."

Hakimu alitazama mfuko wa matunda. Wakati huo simu ya Bi Lenzi ikaanza kutetemeka juu ya meza ya kioo, na jina likajitokeza, wote wawili wakalisoma. Msumari.

"Pokea," alisema Hakimu.

"Sipokei. Tangu asubuhi anapiga, sijapokea."

"Unaogopa nitasikia?"

"Sina la kumwambia."

"Mtu anakuimbia wimbo mzima, huna la kumwambia? Unaujua kwa moyo, bila shaka. Unausikiliza nikishaondoka."

Simu ikanyamaza. Bi Lenzi aliinua uso, na Hakimu akaona macho hayana machozi wala hasira, yamechoka tu.

"Sijausikiliza. Sijasikiliza wimbo wake wowote tangu nilipomwacha. Ulitaka kujua sababu, haya. Kila nilichomwambia tukiwa wawili, nilikisikia jukwaani. Tukigombana Jumatatu, Ijumaa ukumbi mzima unaitikia ugomvi wetu. Mama yangu alipokufa nilimlilia yeye begani, na kabla sijamaliza kulia alikuwa na beti tatu. Wimbo mzuri, wanasema. Watu walinisimamisha barabarani kunipa pole kwa maneno niliyoyasema kitandani."

Hakimu alifungua mdomo.

"Sijamaliza. Nikasema nitatafuta mtu asiyeimba. Nikakupata wewe, nikashukuru. Kumbe nimetoka kwa anayeimba nimeingia kwa anayeandika. Yeye angalau alinisifu."

"Ni wivu, mpenzi wangu. Wivu tu ulinishika."

"Wivu ungeniletea hapa, ukanipigia kelele, nami ningekupigia kelele, tukalala. Wewe umeupeleka kwa mhariri." Akasimama, akavaa koti. "Chukua matunda yako. Nina mteja."

Dukani hapakuwa na mteja. Hakimu alitoka.

Siku zilizofuata alipiga, hakupokelewa. Alituma ujumbe, ukasomwa, haukujibiwa. Alipita mbele ya duka akijifanya anakwenda benki, akamwona kwa ndani akimwekea bibi mmoja fremu masikioni kwa upole, akaona wivu hata kwa bibi yule.

Asubuhi moja alikwenda kunyolewa. Kinyozi wake alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye redio ya zamani iliyofungwa waya na spika mpya. Alikuwa ameshampaka povu Hakimu na kumaliza shavu moja alipoweka muziki. Piano peke yake ikasikika.

"Badilisha hiyo, kaka," Hakimu alisema.

"Tulia, wembe huu. Huo ndio wimbo wenyewe."

Basi hakuwa na jinsi. Nusu ya uso ina povu, shuka imefungwa shingoni, wembe uko kooni. Kwa mara ya kwanza aliusikiliza wimbo wa sita kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ubeti wa kwanza ulipita na maumivu yake. Wa pili ulikuwa wa ugomvi. Ukaja wa tatu, mapigo yote yakakatika, ikabaki sauti tu:

*Kaniona hadi mboni, ndiyo maana kaondoka,*
*nilimvua kwa maneno mbele ya watu, nikashangiliwa.*
*Na huyo aliye naye leo, simjui, sina neno,*
*mwambieni amtunze. Asimwimbe.*

Kisha kimya, wimbo ukaisha.

"Unasikia?" kinyozi alisema. "Halafu kuna mjinga mmoja gazetini kaipa nusu nyota."

"Labda hakuisikiliza yote."

"Basi ni mjinga mara mbili. Inua kidevu."

Hakimu aliinua kidevu. Alijisikia kama mtu aliyekamatwa mkono ukiwa mfukoni mwa mwenzake. Yule mwanamume aliyemwonea wivu alikuwa amemwandikia yeye, bila kumjua, onyo la wazi, naye akalizima kabla halijamfikia. Miaka yote alikuwa anawaambia vijana kwamba mhakiki asiyemaliza albamu ni hakimu anayemfunga mtu kabla ya kumsikiliza.

Alitoka kwa kinyozi moja kwa moja hadi kwa Mhariri, mwanamke mwenye tai za hariri na sauti ya kikohozi.

"Nataka kuandika upya *Macho Makavu*," alimwambia. "Nilikosea."

"Kila mtu anaizungumzia nusu nyota yako, nawe unataka kuirudisha?"

"Ilikuwa uongo."

"Ilikuwa maoni. Gazeti likianza kuomba radhi kwa maoni, litachapisha nini?" Akarudi kwenye karatasi zake. "Na ukienda kusema kwingine, usirudi."

Alikwenda kusema kwingine. Palikuwa na kipindi cha redio cha Jumamosi mchana ambacho humwalika mara kwa mara, kinachosikika katika maduka na saluni zote. Mtangazaji wake alikuwa mcheshi mwenye fulana za rangi kali, anayeweza kulifanya jiwe liseme siri.

Bi Lenzi alikuwa na mteja, kijana wa chuo, kidevu juu ya mashine. Redio ya duka la viatu ilipenya ukutani kama kawaida. Aliposikia sauti ile, mkono wake ulisimama kwenye kurunzi.

"Nilisema sauti imechakaa," Hakimu alikuwa anasema. "Si kweli. Imekomaa. Nilisema mapigo ni ya kuazima. Si kweli, na nilijua si kweli nilipokuwa naandika. Ni albamu ya nyota nne. Wimbo wa nne ni mrefu kuliko unavyostahili. Wimbo wa sita ni bora kuliko chochote nilichosikia mwaka huu, na niliuhukumu bila kuumaliza."

"Ngoja, ngoja," Mtangazaji alidakia, sauti imejaa asali. "Hakimu anatubu hewani. Lakini mtaani tunasikia kuna mwanamke katikati. Mpima macho. Tuambie, kaka."

Redio ikanyamaza. Katika chumba chenye giza Bi Lenzi alifumba macho. Alikijua kimya hicho. Sasa atalitaja jina langu, aliwaza. Sasa ataniomba radhi mbele ya nchi nzima, wasikilizaji watalia, na kesho watakuja kunipa pole na hongera. Alijikuta anamwonea wivu kila mtu ambaye hakujulikana na mtu yeyote.

"Kuna albamu," Hakimu alisema. "Niliisikiliza vibaya kwa sababu zangu, na sababu zangu si za redioni."

"Huna hata neno kwa mtu fulani? Dakika hii nakupa. Watu wanangoja."

"Sina."

"Hata salamu?"

"Weka wimbo wa kwanza, ndugu yangu. Watu wasikilize muziki."

"Dada," kijana wa chuo aliuliza kwenye mashine, "niendelee kutazama taa?"

"Pumzika kidogo," Bi Lenzi alimjibu, akatoka nje ya chumba, akasimama kati ya fremu zake na mkono mdomoni.

Wiki ile Hakimu alipoteza ukurasa wake. Alipata pia simu kutoka namba asiyoijua, na sauti iliyomsemesha ilikuwa ile yenye mikwaruzo.

"Huo wa nne ni mrefu kweli," Msumari alisema bila salamu. "Nilimwambia prodyuza, akakataa kuukata."

"Dakika mbili zingetosha."

"Zingetosha." Akakohoa. "Nilipokusikia redioni nikajua yule bibi ni wako. Nilimpigia siku ile nimtake radhi, maana gazeti lilimleta tena mdomoni mwa watu, na mwanzo wake ni mimi. Hakupokea."

"Sikukuuliza."

"Najua. Ungekufa nalo." Msumari alicheka, na Hakimu, kwa aibu kubwa, aligundua kwamba anampenda mtu huyu, na kwamba bado angefurahi kumsikia amehamia mbali.

Bi Lenzi alipiga simu siku ya pili yake, saa ya mapumziko ya mchana.

"Umesema huna neno kwa mtu yeyote."

Hakimu alikuwa anapanga vitabu kwenye sanduku. Akakaa juu ya sanduku hilo. "Redioni sina."

"Na kwenye simu?"

"Kwenye simu ninayo mengi. Nimekukosea. Nilikufanyia alichokufanyia yeye, na mimi sikuwa hata na kisingizio cha kujua kuimba. Nisamehe, roho yangu."

"Umeacha wivu?"

Angeweza kudanganya. "Sijaacha. Jana nimekuona ukicheka na mleta barua nikakosa usingizi."

"Ulikuwa wapi ukaniona?"

"Benki."

"Wewe huna akaunti kwenye benki ile."

"Nafikiria kufungua."

Alimsikia akizuia kicheko, akashindwa. Kisha akamwambia aje duka likifungwa.

Alimkuta nje anashusha lango la chuma, gauni la njano, skafu nyeupe shingoni, bila lile koti la kazi. Jua la jioni lilikuwa bado kwenye vioo vya juu vya jengo. Walitembea barabarani wakipishana na watu wanaorudi makwao.

"Nina sharti," Bi Lenzi alisema hatimaye. "Nikikuudhi, niudhikie mimi. Piga kelele, susa chakula, nenda kwa mama yako ukanisengenye. Usinipeleke kwa watu."

"Sitakupeleka."

"Hata kwa sifa."

Hapo Hakimu alikawia. Maneno yalikuwa mkate wake, na kati ya vitu vyote alivyowahi kutaka kuvisifu, kilichotembea kando yake kwa gauni la njano kilikuwa cha kwanza.

"Hata kwa sifa," alisema. "Na mimi nina ombi. Wajomba zangu wanataka kuja kwenu."

"Wajomba zako ndio wanaotaka?"

"Mimi nataka zaidi. Wao wana suti."

"Dada atauliza unafanya kazi gani siku hizi."

"Mwambie natafuta."

"Atapenda. Atadhani umeacha muziki." Akamshika mkono, mbele ya watu wote wasiowajua. "Waje Jumapili. Na uvae lile shati la udongo, hili la bluu lina kumbukumbu mbaya."

Wajomba walikwenda, dada mkubwa aliwahoji mpaka jasho likawatoka, na mwisho akakubali. Baadaye Hakimu alipata ukurasa katika gazeti jingine, dogo kuliko la kwanza, na hadi leo anaandika humo kila wiki. Amewahukumu marapa wengi, wengine amewafurahisha, wengine wamemtukana, na mara moja alitoa nyota tano. Wasomaji wake wa zamani husema wanamjua mtu huyu kama kiganja cha mkono. Hakuna kati yao anayejua kama ana mke.